Ubongo Usionyamaza Hauoni

Siku hizi kuna neno moja linalotembea sana katika mitaa yetu. Linasemwa sokoni, linasemwa katika simu za vijana, na mara nyingine hata watu waliosoma hulirudia bila kulichunguza. Neno lenyewe ndilo hili: "Mtu hutumia sehemu 10 tu kati ya 100 za ubongo wake. Sehemu 90 zimelala. Ziamshe, nawe utakuwa na akili ya ajabu." Nyuma ya neno hilo huja chupa. Ndani ya chupa mna dawa ya kuamsha akili, na bei yake si ndogo.

Ningaliweza kucheka na kupita njia yangu. Sikucheka, na sababu yangu ni hii.

Jirani yangu ana mtoto wa kiume wa miaka 9, mwenye kifafa. Kule dispensere walimpa vidonge vya fenobarbitali, na kwa miezi mingi mtoto hakuanguka. Alirudi shuleni, akajua kusoma. Kisha akapita mwuza chupa mmoja. Akamwuliza mama, "Mtoto wako anakunywa nini?" Mama akamwonyesha vidonge. Yule bwana akatikisa kichwa, akasema, "Hivi vinazuia ubongo. Mama, unamlaza mtoto wako kwa mkono wako mwenyewe." Mama akaviacha vidonge siku ile ile, akanunua chupa. Siku ya nne mtoto akaanguka jikoni, mkono wake ukaingia motoni.

Nilipokwenda kuwaona, mama aliniuliza akilia, "Mwalimu, kwani si kweli kwamba dawa ile inazuia ubongo?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Inazuia. Na ni vema izuie."

Siku ile hakunielewa, nami sikuwa na maneno ya kutosha. Naandika leo ili nimjibu yeye, na pia nimjibu mwuza chupa, na wote wanaodhani ya kuwa kuzuia ni sawa na kuua. Nitachukua kazi moja tu ya ubongo, ndiyo kazi ya kuona. Nimeichagua kwa sababu wataalamu wameichunguza kwa bidii kubwa, na kwa sababu kila msomaji mwenye macho aweza kunihukumu mwenyewe.

1. Jicho si mashini ya picha

Kwanza tuondoe kosa la zamani. Shuleni wengi wetu tuliambiwa ya kuwa jicho ni kama mashini ya picha: nuru inaingia, picha inapigwa nyuma ya jicho, na mtu anaona. Mfano huo wafaa kwa mwanzo wa safari tu. Nuru hupita katika mboni, huangukia ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho, iitwayo retina. Katika retina ya jicho moja mna chembe zaidi ya milioni 100 zinazopokea nuru. Lakini mshipa unaotoka jichoni kwenda ubongoni una nyuzi milioni 1 hivi.

Hapo, msomaji, simama uhesabu. Mia moja wanaleta habari, na nafasi ya kupita mlangoni ni ya mmoja. Huyo mmoja hawezi kubeba maneno ya wote kama yalivyo. Lazima jambo fulani lichaguliwe, na jambo jingine liachwe. Mashini ya picha haichagui. Hupokea kila doa la nuru kwa kadiri yake. Jicho huchagua.

Kama hamniamini, fanyeni majaribio mawili nyumbani. Chukueni karatasi ya rangi ya kijivu, mkate vipande viwili vilivyo sawa. Wekeni kimoja juu ya kitambaa cheupe, na kingine juu ya kitambaa cheusi. Mtaona ya kuwa kile cha juu ya cheupe kimekuwa cha giza, na kile cha juu ya cheusi kimeng'aa. Lakini ni karatasi moja, na mmeikata wenyewe!

Jaribio la pili ni gazeti hili hili. Lisome nje saa sita ya mchana, kisha ulisome jioni ndani ya nyumba. Wino mweusi ulio juani hurudisha nuru nyingi kuliko karatasi nyeupe iliyo ndani ya nyumba jioni. Kama kuona kungekuwa kuhesabu nuru tu, wino wa mchana ungeonekana mweupe kuliko karatasi ya jioni. Sivyo tunavyoona. Wino ni mweusi mchana, ni mweusi jioni. Basi macho na ubongo havihesabu nuru kama karani anavyohesabu magunia. Vinalinganisha jirani na jirani. Na ili kulinganisha, lazima sauti ya mmoja iweze kuipunguza sauti ya mwingine.

2. Chembe zinazochochea na chembe zinazozuia

Habari ikitoka jichoni hupita katika kituo kimoja katikati ya ubongo, kiitwacho thalamasi, kisha hufika nyuma ya kichwa, karibu na kisogo. Hapo ndipo mahali pa kwanza pa kuona katika gamba la ubongo. Gamba hilo ni tabaka la nje lenye mikunjo, na unene wake ni milimita chache tu. Katika gamba lote la mtu mzima mna chembe za fahamu bilioni 16 hivi. Wataalamu huziita nyuroni.

Chembe hizi ni za namna mbili. Karibu nne katika kila tano ni chembe za kuchochea. Chembe ya namna hii ikipiga mapigo yake ya umeme, huisukuma chembe nyingine ipige pia. Karibu moja katika kila tano ni chembe ya kuzuia. Hiyo ikipiga, humwaga juu ya jirani yake dawa ya mwilini iitwayo GABA. Dawa hiyo iligunduliwa ndani ya ubongo mwaka 1950. Ikimgusa jirani, hufungua milango midogo katika ngozi yake, na kwa kitambo kidogo sana jirani huyo huwa mgumu kusukumwa. Kisha milango hufungwa, na jirani yuko huru tena.

Angalieni vizuri, kwa maana hapa ndipo mwuza chupa anapoteleza. Chembe inayozuia hailali. Inapiga, inakula chakula cha mwili, inafanya kazi usiku na mchana. Katika baraza la kijiji, mzee anayeinua mkono ili wengine wanyamaze na mmoja asikike hajalala. Mara nyingi yeye ndiye aliye macho kuliko wote. Mgeni anayepita mbali akiona watu 20 wamenyamaza na mmoja anasema, je, atasema wale 20 ni wavivu? Atakuwa mjinga akisema hivyo. Wanasikiliza.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwingereza Charles Sherrington, aliyechunguza mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1932. Hotuba aliyoitoa kwa ajili ya tuzo hiyo ilikuwa juu ya kuzuia. Alionyesha ya kuwa mguu hauwezi kukunjwa kama musuli unaounyosha haujazuiliwa. Hata kutembea kwako kwenda sokoni ni kazi ya kuchochea na kuzuia pamoja.

3. Ushahidi

Sasa nitaleta mashahidi, wasije wakasema natoa maneno kichwani mwangu.

Shahidi wa kwanza ni Mmarekani Haldan Keffer Hartline. Yeye alichunguza mnyama wa baharini aitwaye Limulus, ambaye jicho lake limefanywa kwa vijicho vingi vidogo. Alipomulika kijicho kimoja, uzi wake wa fahamu ulipiga upesi upesi. Alipomulika na vijicho vya jirani, uzi wa kwanza ukapunguza mapigo yake. Yaani kila kijicho hunyamazisha jirani yake kwa kadiri kinavyomulikwa chenyewe.

Kuna faida gani katika kunyamazishana huko? Ipo, tena kubwa. Mahali ambapo nuru ni sawa pande zote, majirani wote hunyamazishana, na habari inayopelekwa ni ndogo. Mahali pa mpaka, nuru inapokutana na giza, kijicho kilicho upande wa nuru kina majirani wachache wa kukizuia, kwa hiyo sauti yake inasikika zaidi. Basi mpaka unang'aa kuliko vyote. Na sisi tunapoona vitu, twaona hasa mipaka yake: ukingo wa meza, shina la mti, uso wa mtu mbele ya ukuta. Mwaka 1953 Stephen Kuffler alikuwa ameonyesha jambo la jamaa moja na hilo katika jicho la paka. Hartline alipata tuzo ya Nobel mwaka 1967 pamoja na wenzake wawili.

Hayo ni ya jichoni. Tupande sasa mpaka kwenye gamba la ubongo.

David Hubel na Torsten Wiesel, walipokuwa Baltimore huko Marekani, waliweka sindano nyembamba sana karibu na chembe moja katika gamba la ubongo wa paka, wakawa wanasikiliza mapigo yake. Walimwonyesha paka madoa meusi yaliyobandikwa juu ya kioo. Chembe haikujali. Kisha walipokuwa wakisukuma kioo kile ndani ya mashini, chembe ikaanza kupiga kwa nguvu. Kumbe haikulijibu doa. Iliujibu ukingo wa kioo, ambao kivuli chake kilipita kama mstari mwembamba. Walichapisha habari zao mwaka 1959, na mwaka 1981 walipata tuzo ya Nobel. Tangu hapo twajua ya kuwa chembe za mahali pale huchagua: moja hupenda mstari uliosimama kama nguzo, nyingine hupenda mstari uliolala kama kizingiti, nyingine hupenda ulioinama kama paa.

Shahidi mkubwa katika kesi yetu ni Adam Sillito, mwaka 1975. Alichukua dawa iitwayo bikukulini, ambayo huifunga kazi ya GABA, akaitia kidogo kidogo katika gamba la ubongo wa paka, mahali pa kuona. Maana yake aliziondolea chembe kizuizi chake, jambo lile lile ambalo mwuza chupa anatuahidi kwa bei yake. Ikawaje? Chembe zilipiga zaidi. Lakini uwezo wao wa kuchagua ulipungua. Chembe iliyokuwa ikijibu mstari mmoja ikaanza kujibu na mistari iliyoinama vingine, na nyingine zikapoteza kabisa uchaguzi wao.

Je, chembe zile ziliamshwa? Naam, ziliamshwa. Je, ziliona vizuri zaidi? La. Zilikuwa kama mtoto wa darasani anayeinua mkono kwa kila swali, naye hajui jibu hata moja.

4. "Lakini wataalamu wenyewe hawapatani"

Msomaji mwerevu ataniambia, "Mwalimu, usitufiche. Kuna wataalamu waliopinga." Ni kweli, nami sitaficha kitu. Mwenye haki haogopi shahidi wa upande wa pili.

Hubel na Wiesel wenyewe, mwaka 1962, walidhani ya kuwa mpango wa nyuzi za kuchochea zinazotoka thalamasi watosha kuifanya chembe ipende mstari fulani. Na mwaka 1994 Sacha Nelson, Mriganka Sur na wenzao walizuia kizuizi ndani ya chembe moja peke yake. Chembe hiyo iliendelea kuchagua mstari wake kama mwanzo. Basi wengine wakasema, "Mmeona? Kuzuia si kitu."

Tunajibu kwa kutofautisha. Katika jaribio la 1994, chembe moja tu iliondolewa kizuizi, na majirani zake wote walibaki chini ya kizuizi. Tuseme katika kwaya mwimbaji mmoja amefumba macho asiuone mkono wa mwongozi. Ataimba sawa, kwa sababu wote wanaomzunguka bado wanaufuata mkono ule. Lakini mwongozi akitoka nje kabisa, wimbo utakuwaje? Sillito aliwaondolea wengi kizuizi kwa mara moja. Nelson na Sur walimwondolea mmoja. Majaribio hayo mawili hayapigani.

Tena twakubali hili bila shida: mpango wa nyuzi za kuchochea huipa chembe mwelekeo wake wa kwanza. Hatukusema kuzuia hufanya yote. Twasema bila kuzuia, mwelekeo huo hauwi safi, wala sauti yake haiwi ya kadiri.

Mwaka 2012 wataalamu walipata njia mpya: kuziamsha au kuzituliza chembe za namna moja tu katika ubongo wa panya, kwa kutumia mwanga. Katika maabara ya Yang Dan, walipoziamsha chembe fulani za kuzuia, chembe za kuona zilichagua mistari kwa ukali zaidi, na panya wenyewe wakatofautisha picha vizuri zaidi. Katika maabara ya Massimo Scanziani, walipata ya kuwa chembe hizo hubadili hasa ukubwa wa sauti, na uchaguzi wenyewe kidogo tu. Maabara ya Sur ikaonyesha ya kuwa namna moja ya chembe za kuzuia hugawanya sauti, na namna nyingine huitoa, kama hesabu za darasani. Basi walibishana. Lakini ubishi wao ulikuwa juu ya namna chembe hizi zinavyofanya kazi. Hapakuwa na shaka kama zinafanya kazi.

Na mwaka 2013 Bilal Haider, Michael Häusser na Matteo Carandini walileta ushahidi ambao ningependa kila mwuza chupa ausikie. Walipima chembe katika ubongo wa panya, mahali pa kuona, mara ya kwanza panya wakiwa wamelazwa kwa dawa, mara ya pili wakiwa macho. Katika panya waliolazwa, kuzuia kulikwenda sawa na kuchochea. Katika panya walio macho, kuzuia kulikuwa na nguvu kuliko kuchochea, tena kwa mbali. Na panya walio macho ndio ambao chembe zao zilijibu kwa ufupi na kwa usahihi zaidi.

Rudieni kusoma maneno hayo. Mwuza chupa anasema kuzuia ni kulala. Vipimo vinasema kinyume: ubongo ulio macho ndio uliozuia zaidi.

5. "Basi ni breki tu"

Wengine watakubali nusu. Watasema, "Sawa, chembe hizo ni breki. Breki ni ya lazima, lakini breki haiendeshi gari." Hata hao wanakosea.

Kwanza, chembe za kuzuia si za namna moja. Ziko zinazokaza karibu na kiini cha jirani, na ziko zinazokaza kwenye matawi yake ya mbali. Ziko pia zile ambazo kazi yake ni kuzuia wazuiaji. Panya anapoanza kukimbia, chembe hizo za tatu huamka, huwanyamazisha wazuiaji wenzao, na chembe za kuona hupata nafasi ya kujibu kwa nguvu zaidi. Jambo hilo lilichapishwa mwaka 2014. Mnaona? Kwa njia ya kuzuia, ubongo huongeza sauti pia. Breki gani inaweza kufanya hivyo?

Pili, kuzuia hufungua majira ya kujifunza. Mwaka 1963 Wiesel na Hubel walionyesha ya kuwa paka mchanga akifungwa jicho moja katika miezi yake ya kwanza, gamba la ubongo huliacha jicho lile, hata likifunguliwa baadaye. Majira ya kujifunza kuona yana mwanzo na mwisho. Na mwaka 1998 Takao Hensch na wenzake walichunguza panya waliopungukiwa na uwezo wa kutengeneza GABA. Kwa panya hao majira ya kujifunza hayakufunguka. Walipopewa diazepamu, dawa inayoipa GABA nguvu, majira yakafunguka. Sikilizeni vizuri: ubongo ule haukujifunza mpaka kuzuia kulipofika kadiri yake.

Jambo hili latuhusu sisi wazazi. Mtoto akizaliwa na mtoto wa jicho, au jicho lake likiwa na makengeza, tusiseme, "Akikua litanyoka." Majira hayamngojei. Apelekwe kwa mganga wa macho angali mdogo.

6. Chembe zote zikipiga pamoja

Sasa turudi kwa hesabu ya 10 na 100.

Ubongo ni sehemu 2 hivi kati ya 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 kati ya 100 za nguvu ambazo mwili wote hutumia ukiwa umepumzika. Ni mwili gani ungewalisha wavivu tisini kwa gharama kama hiyo? Tena mtu akiumizwa mahali pa kisogo pa kuona, hupoteza kuona hata kama macho yake ni mazima. Hakuna ghala tupu linalongoja chupa. Neno la 10 kati ya 100 lilitiwa hata katika filamu moja ya mwaka 2014, iitwayo Lucy. Filamu ni filamu. Haifanyi uwongo kuwa kweli.

Ni kweli kwamba kwa kitambo kimoja chembe zinazopiga kwa nguvu ni chache. Lakini hiyo ndiyo hekima ya kazi yenyewe. Mstari mmoja mbele ya macho, chembe zinazoupenda zinasema, nyingine zinanyamaza. Mstari ukigeuka, nyingine zinashika zamu. Zote zikisema kwa mara moja, hakuna habari.

Je, mnataka kuona ubongo ambao makundi makubwa ya chembe yanapiga pamoja bila kizuizi? Tumekwisha kuuona. Mtoto anaanguka, macho yanageuka, mwili unatetemeka, povu linatoka. Hicho ndicho kifafa. Vyanzo vyake ni vingi: kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, minyoo ya nguruwe iliyoingia ubongoni, jeraha la kichwa, na vingine. Lakini wakati wa kuanguka jambo ni moja: kuchochea kumekushinda kuzuia, na chembe zinapiga kwa umoja usio na maana.

Mahali pa kuona penyewe paweza kuwa mlango wa jambo hilo. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, filamu moja ya katuni ya watoto ilionyesha katika televisheni mwanga mwekundu na wa buluu ukibadilishana upesi sana. Watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitalini usiku ule. Mwanga ule ulichochea kwa zamu za haraka, na kwa wale waliokuwa na udhaifu, kizuizi hakikustahimili.

Na vile vidonge ambavyo mwuza chupa alivitukana? Fenobarbitali ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, na Mjerumani Alfred Hauptmann. Inafanya kazi pale pale penye milango ya GABA: huiacha milango ikae wazi muda mrefu kidogo. Haileti ubongoni kazi ngeni. Inaziongezea nguvu chembe ambazo tangu mwanzo kazi yake ni kutuliza. Siwafichi ya kuwa dawa hiyo ina uzito wake. Yaweza kuleta usingizi, yaweza kumfanya mtoto awe mzito au mkali, na kipimo chake lazima kiwekwe na mganga anayejua. Kama inamlemea mtoto, mrudishe kwa mganga abadilishe. Lakini kuiacha kwa ghafula ni hatari kubwa, kwa maana chembe zilizozoea kushikwa zinaachwa kwa mara moja, na kuanguka hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wa jirani yangu.

7. Tufanye nini?

Wasomaji wapenzi, sikuandika haya ili tujisifu kwa kujua majina ya wataalamu. Naomba mambo manne.

La kwanza: mtu akikuambia sehemu 90 za ubongo zimelala, mwulize swali moja, "Chembe za kuzuia zinafanya kazi gani?" Kama hana jibu, weka feza zako mfukoni.

La pili: mzazi mwenye mtoto wa kifafa asiache vidonge kwa neno la mpita njia. Neno la kupunguza au la kubadili litoke kwa yule aliyeviandika.

La tatu: mtoto akianguka, tusimkimbie. Povu lake haliambukizi. Mwondoeni karibu na moto na maji, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkae naye mpaka arudiwe na fahamu. Kuanguka kukipita dakika 5, apelekwe hospitalini.

La nne ni kwa walimu wenzangu. Tusiwafundishe watoto ya kuwa jicho ni mashini ya picha, tukaishia hapo. Tuwape vile vipande viwili vya karatasi ya kijivu, tuwaache washangae wenyewe. Mtoto aliyekwisha kushangaa hivyo hadanganywi upesi na chupa.

Yule mtoto wa jirani yangu amerudishiwa vidonge vyake, kwa kipimo kipya. Mkono wake umepona, ingawa kidole kimoja hakinyooki vizuri. Anaandika kwa mkono mwingine, na herufi zake zimeanza kusomeka. Juzi mwuza chupa alipita tena katika njia yetu. Mama akatoka mlangoni, akamwambia, "Bwana, dawa ya mtoto wangu inazuia. Nenda zako." Kisha akarudi jikoni kwake.